Mzee Aliyerukwa Kwenye Salamu

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani, kijiji kilicho upande wa Mogitu, kukaa na mama yangu huku nikisubiri ajira ya ualimu, ambayo hadi leo naisubiri. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka minane. Dada anafanya kazi Arusha, kwa hiyo mtoto alilelewa na mama yangu, yaani bibi yake, na mimi nikawa mama mdogo wa kila siku: kumfulia sare, kumkagulia hesabu, kugombana naye juu ya kuoga. Asubuhi za huku upepo unaposhuka kutoka mlimani, kuoga ni jambo la kugombania kweli.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi kwangu, majirani walipita kwetu kunywa chai baada ya ibada. Miongoni mwao alikuwa mzee tuliyepakana naye shamba. Huyu ni mtu anayeheshimika. Baba alipofariki, ndiye aliyesimamia uchimbaji wa kaburi na ndiye aliyebaki nyumbani kwetu wageni walipokwisha kuondoka. Ana maksai wawili wanaosifiwa kijiji kizima, na kila msimu huwaleta na plau yake kutulimia kabla hajamlimia mtu mwingine. Nayaandika haya mapema kwa sababu yatakayofuata hayasemi kwamba ni mtu mbaya, na sitaki msomaji apate nafuu ya kudhani hivyo.

Mtoto alitoka jikoni akapita kwa wageni, mmoja baada ya mwingine, akitoa mkono na kusema shikamoo kama alivyofundishwa. Alipofika kwa mzee, mkono ukakamatwa na haukuachiwa.

"Marahaba, mke wangu. Umenipikia nini leo?"

Mtoto akavuta mkono. Mzee akamfinya shavu kwa mkono wa pili, vidole vyake vimegeuka rangi ya udongo kwa ugoro. Akawageukia wengine akalalamika kwamba mke gani huyu asiyepika, na kwamba atamrudisha kwao ili naye arudishiwe ng'ombe wake. Watu wakacheka. Mtoto akavuta tena, na machozi yakamtoka.

"Mvua mwaka huu imewahi," mzee akasema, na hapo ndipo watu walipocheka kweli. Mama yangu alipiga goti lake kwa kiganja. Mwanamke mmoja alicheka mpaka chai ikampalia.

Mtoto alipoachiwa alikimbilia nyuma ya nyumba. Shavu lake lilikuwa na alama ya kahawia, na alilisugua kwa upindo wa gauni mpaka likawa jekundu. Nilikaa naye. Alinuka ugoro. Hata sasa, nikipita mnadani karibu na wanaouza ugoro, kinachonirudia siyo sura ya mzee. Ni kile kicheko cha watu wema wenye vikombe mkononi.

Nieleze desturi yenyewe, maana asiyeijua anaweza kushtuka kwa sababu isiyo yenyewe. Huku kwetu, kama sehemu nyingi za nchi hii, babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu wake mke, na mjukuu wa kike humwita babu mume, na maana yake ni kwamba hakuna wa kumwogopa mwenzake. Nami niliwahi kuwa mke wa babu yangu mzaa mama. Aliniambia sijui kupika, nikamwambia hana meno ya kulia hicho chakula. Aliniambia nina miguu ya korongo, nikamwambia yeye ana magoti ya ngamia. Nyumba nzima ilicheka, na aliyecheka zaidi alikuwa yeye. Nilikuwa na umri uleule wa miaka minane, na palikuwa mahali pekee duniani ambapo ningeweza kumtukana mtu mzima nikapewa kipande cha nyama.

Kwa hiyo ninaposema utani wa mzee ulinichefua, sisemi kama mtu aliyerudi na shahada akaanza kuona kila cha kwao ni uchafu. Utani niliujua. Huu haukuwa na njia ya kurudi. Mama mwenyewe alinisimulia, huku akicheka, kwamba kuna siku kabla sijarudi mtoto alimjibu mzee kwamba ananuka. Jibu zuri kabisa, la mtani wa kweli. Mama alimchapa kofi palepale kwa utovu wa adabu. Yaani mzee alikuwa na haki ya utani, na mtoto alikuwa na wajibu wa adabu. Mchezo wa watu wawili, mmoja kafungwa mikono, kisha mnamshangaa kwa nini hafurahi.

Jumapili zilizofuata zilikuwa vilevile. Mzee alikuja, akashika, akafinya, mtoto akalia, watu wakapata burudani yao. Wakati mwingine alimchukulia nyama kwenye sahani, akaitafuna taratibu akimwangalia, kisha akauliza kama mke anamnyima mumewe chakula. Nilianza kuona namna watu walivyokuwa wanasubiri. Mtoto akitokea mlangoni, mazungumzo ya bei ya mbaazi yalikatika na nyuso zikageuka, zikiwa zimeshajiandaa kutabasamu. Nimewahi kuona watu wakiangalia ng'ombe akichinjwa kwa adabu zaidi.

Nilifanya kile nilichofundishwa. Chuoni tulisoma saikolojia ya mtoto, na mhadhiri alituambia kwamba mtoto aliyezidiwa na hasira asaidiwe kwanza kuipa jina, kisha avute pumzi kwa nguvu na ahesabu mpaka kumi. Nilijibu vizuri kwenye mtihani. Basi jioni moja, tukiwa tunapukuchua mahindi, nikamuuliza mtoto anasikia nini mzee anapomshika. Akafikiri. Akasema anasikia moto hapa, akaonyesha koo, halafu anasikia mkojo. Nikamwambia hiyo inaitwa hasira na woga vikiwa pamoja, na kwamba si dhambi kuvisikia. Alifurahi kujua vina majina. Nikamfundisha kuvuta pumzi. Tukahesabu pamoja.

Kisha akaniuliza, "Nikimaliza kuhesabu, atakuwa ameniachia?"

Nilibaki na gunzi mkononi. Vitabu nilivyosoma vilikuwa na sura nzima juu ya pumzi za mtoto, na hakuna hata ukurasa juu ya mkono uliomshika. Nilipofikiri zaidi nikazidi kuchukia. Tunamfundisha mtoto atulie, tunamsifu akitulia, tunasema amekomaa. Na mtu wa kwanza kunufaika na utulivu huo ni yule anayemuumiza, maana sasa anaweza kuendelea bila kelele. Hata shule niliyokuwa najitolea kufundisha, mtoto akichapwa aliambiwa nyamaza kabla fimbo haijamaliza kuuma. Sote tulikua hivyo. Labda ndiyo sababu tunajua sana kucheka.

Nikaenda kwa mama. Nilimwambia taratibu kwamba mtoto anaumia, kwamba mzee aambiwe aache. Mama alikuwa anachambua maharage na hakuinua kichwa.

"Anampenda," akasema. "Asiyependwa hataniwi."

Nikamwambia mtoto hapendi.

"Mtoto anajua nini? Wewe ulipenda sindano?"

Nikamuuliza sindano hii inatibu ugonjwa gani. Hapo akainua kichwa, akaniambia jambo ambalo naamini hakukusudia kulisema. Kwamba mwanamume mwenye maksai haambiwi aache kucheka kwenye nyumba ya mjane. Kwamba mvua zikianza, shamba letu huwa la kwanza kulimwa, na kuna nyumba zenye wanaume watatu ambazo husubiri zamu yao.

Basi nikaelewa ni nini nilichokuwa nakiona kila Jumapili. Machozi ya mtoto yalikuwa sehemu yetu ya kulimiwa. Hakuna aliyepanga hivyo. Hakuna aliyekaa akasema sasa tutampa mzee mtoto wa kuchezea. Ilikuwa imekaa tu, kama mambo mengi yanavyokaa, na mama alikuwa ameifunika kwa neno upendo ili aweze kulala. Nilimwonea huruma na nilichefukwa naye, vyote kwa pamoja.

Nilichobaki nacho ni mtoto mwenyewe. Tukiwa tunarudi kutoka bombani nilimwambia kwamba anaweza kusema. Asitukane, asikimbie, aseme tu: babu, sipendi ukinishika. Tukafanya mazoezi. Mimi nikawa mzee: nikainama mgongo, nikajifanya navuta ugoro, nikapiga chafya tatu, nikamwita mke. Mara ya kwanza alicheka akashindwa kusema. Mara ya pili alisema kwa sauti ya panya. Baadaye alisema vizuri, ndoo kichwani, akiangalia mbele.

Halafu akaniuliza kama shikamoo ni ya mdomo au ya mkono. Nikasema ni ya mdomo, mkono ni nyongeza tu. Na mtu akikataa kumpa mtu shikamoo, akauliza tena, atafanywa nini? Nikamwambia huku kwetu hilo ni kosa kubwa, watu hawatasahau. Akanyamaza njia nzima iliyobaki. Nilidhani amechoka.

Zamu ya sala ya jumuiya ilifika nyumbani kwetu mwishoni mwa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu na watu wote wakiangalia mawingu. Wazee walikaa kwenye benchi chini ya kipaa cha nyumba, akina mama kwenye mikeka. Baada ya sala, mtoto aliitwa asalimie. Akaanza mwanzo wa benchi. Shikamoo, marahaba. Shikamoo, marahaba. Wa tatu alikuwa mzee wetu, naye alikuwa ameshanyoosha mkono na uso umeshajaa kicheko.

Mtoto akampita. Akatoa mkono kwa mtu wa nne akasema shikamoo.

Yule wa nne hakuitikia. Alibaki ameshika mkono wa mtoto akimwangalia mzee, kama mtu aliyepewa mzigo usio wake. Kwa watu wetu unaweza kuchelewa kanisani, unaweza kulewa ukaanguka kwenye mtaro, na utasamehewa. Kumruka mtu mzima kwenye mstari wa salamu, mbele ya jumuiya, ni kumwambia hayupo.

"Mimi hujaniona?" mzee akauliza.

"Nimekuona."

"Sasa salamu yangu iko wapi?"

"Ukinishika huniachii," mtoto akasema.

Mzee akacheka na kuwatazama wenzake. "Mke wangu amenuna leo." Wengine wakaanza kucheka naye, kwa mazoea tu.

"Mimi siyo mke wako," mtoto akasema. "Mimi ni mtoto. Na hapa panauma." Akagusa shavu.

Kicheko kilikufa vibaya, kipande kwa kipande, kuna mtu mmoja upande wa mikeka aliyechelewa kukatisha chake. Niliangalia nyuso zile na sikuona hata moja iliyoaibika kwa ajili ya mtoto. Zote ziliaibika kwa ajili ya mzee. Mtu mmoja akanong'ona kwamba watoto wa siku hizi wanaharibiwa na simu, na macho yakanigeukia mimi, kana kwamba ni mimi simu yenyewe.

Mama alishamshika mtoto begani. Akampeleka mpaka mbele ya mzee, akamwambia apige magoti aombe msamaha. Mtoto alisimama wima, midomo ikihesabu bila sauti. Hakulia. Hakupiga magoti pia. Nilisimama nikautoa mkono wa mama begani mwake, na sijawahi kumgusa mama yangu kwa nguvu kabla ya siku ile wala baada yake.

"Na kulima utalima wewe?" mama akaniuliza, mbele ya watu wote, sauti yake imekatika.

"Nitalima," nikasema.

Mzee akachukua fimbo yake akaondoka bila kunywa chai.

Mvua zilianza. Tulisikia maksai wakipuliza pua zao alfajiri, plau ikigonga mawe, na sauti ya mzee ikiwaita. Alilima kwake. Akalima kwa jirani wa juu, kisha kwa jirani wa chini. Shamba letu lilibaki katikati, na manyasi yake ya kijivu, likionekana toka barabarani kama pengo la jino. Hakusema neno baya juu yetu. Alitoa tu salamu kwa mbali na kupita. Kanisani walisema nimekuja na mambo ya chuo nikavunja ujirani wa miaka. Wale wale waliofinywa mashavu utotoni waliniambia, kwa sauti ya upole ya kuudhi, kwamba hata wao walitaniwa na hawakufa. Niliwauliza kama hawakufa, mbona wanaikumbuka kila mmoja siku yake na mahali pake. Hawakupenda swali.

Tukalima kwa jembe la mkono, mimi, mama na mtoto akitoka shule. Mikono yangu ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Mama alilima mstari wake bila kunisemesha. Mtoto alimwangalia bibi yake, akaniangalia mimi, akaangalia ng'ombe wa mzee kwenye shamba la pili. Siku kadhaa zikapita hivyo.

Siku moja akaacha kulima, akajifuta uso, akamwendea bibi yake.

"Bibi, nikamsalimie ili aje?"

Mama aliendelea kulima. Mtoto akadhani hajasikia, akaeleza vizuri zaidi: kwamba anaweza kumpa mkono, na akimshika atahesabu, sasa anajua kuhesabu, anaweza kufika hata hamsini bila kulia, na mzee akimaliza ataleta maksai.

Hivi ndivyo mtoto anavyokuwa mkubwa huku kwetu, nikawaza: siku anapojipangia mwenyewe bei yake na kuja kutuomba ruhusa. Pumzi zangu, hesabu zangu, zile nilizojivunia, alikuwa amezikunja vizuri ili zimsaidie kuvumilia kushikwa.

Mama alisimama wima. Aliegemea mpini. Alimwangalia mjukuu wake, na uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona, kama mtu aliyeuma kitu kilichooza na hana pa kutemea.

"Hapana," akasema. "Endelea kulima."

Hakusema zaidi. Jioni hiyo alinipaka mafuta ya ng'ombe mikononi, kwa nguvu kupita kiasi, na akaniambia nashika jembe kama kalamu. Tulipanda kwa kuchelewa. Mahindi yalitoka mafupi, mbaazi zilijitahidi. Tulivuna kidogo kuliko mwaka wa nyuma, tukala.

Baada ya mavuno mabua hubaki shambani, na huo ndio wakati wa wenye ng'ombe kutembelea watu kuomba malisho. Mwaka ule nyasi ziliisha mapema. Mzee alikuwa amemaliza mabua yake na ya jirani wa juu. Asubuhi moja akasimama kwenye uwanja wetu, fimbo begani, akampa mama pole ya kazi na kuuliza habari za kiangazi, mzunguko mzima, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mama akajibu kila salamu na hakumsaidia kufika.

Mtoto alitoka jikoni. Hakuna aliyemwita. Akasimama hatua chache mbele ya mzee, mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Shikamoo babu."

Mkono wa mzee ulianza kunyanyuka. Ukasimama hewani, ukarudi kwenye fimbo. Akamtazama mama, akanitazama mimi, hakuona sura ya kucheka naye.

"Marahaba," akasema. Kisha akamwita kwa jina lake kamili, lile la ubatizo, na kumuuliza yuko darasa la ngapi.

Mtoto akajibu, akarudi jikoni. Mama akamwambia mzee alete ng'ombe, waanzie upande wa chini. Ikaisha hivyo, bila kikao, bila msamaha, kwa sauti za kawaida kabisa.

Watu waliniambia baadaye nilipaswa kufurahi. Mimi nilikaa kwenye kizingiti na ile hasira ikanipanda upya, kali kuliko siku ya kwanza. Jina alikuwa analijua. Alilitamka bila kukwama, na mkono wake ulijua kusimama hewani. Ilikuwa rahisi kiasi kile. Alikuwa anaweza siku zote, na sisi tulikuwa tunajua kwamba anaweza, na tukamwacha mtoto wa miaka minane atafute peke yake namna ya kumkumbusha.